Rubani wa shirika na vibarua vya nje: maswali ninayoulizwa Kigoma kuhusu saa za kuruka na mapumziko

Sijawahi kurusha ndege. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kupanga rosta: nani anaruka lini, amelala lini, amebakiza saa ngapi. Marubani waliniita Mama Rosta, wengine kwa upendo, wengine kwa sauti ya mtu aliyenyimwa safari. Nilipostaafu nikarudi nyumbani Kigoma, Mwanga, nikidhani maswali nimeyaacha Dar es Salaam. Yakanifuata. Wanakuja vijana wenye leseni mpya, wazazi wao, watu wenye ndege ndogo zinazopeleka watalii hifadhi ya Mahale, na jirani yangu mmoja mvuvi ambaye hana habari na ndege ila anapenda ubishi.

Nikitaja namba za nje nitasema ni za nchi gani. Vijana wengi husoma kanuni ya Marekani kwenye simu, kisha wanakuja kunibishia nayo kana kwamba imeandikwa Kigoma.

Rubani aliyeajiriwa na shirika anaruhusiwa kurusha ndege ya mtu mwingine siku zake za mapumziko?

Kinachowaponza watu hapa ni hilo neno mapumziko. Kwenye rosta kuna vitu vitatu ambavyo mtaani vyote huitwa "off". Kuna mapumziko ya kati ya zamu na zamu, yaani ule usiku mmoja kabla ya safari ya kesho. Kuna siku ya mapumziko ya wiki. Halafu kuna likizo ya mwaka.

Ule usiku wa kati ya zamu usiuguse. Umewekwa kwa ajili ya safari ya kesho, na ukiuuzia kampuni nyingine unauza kitu ambacho mwajiri wako ameshakinunua. Siku ya wiki nayo ina kazi yake, kulipa deni la usingizi lililolimbikizwa. Ikiwa kibarua kitapata nafasi halali, mara nyingi ni kwenye likizo au kwenye kipindi kirefu cha siku kadhaa. Hata hapo, soma kwanza mkataba. Mikataba mingi ya marubani inakataza kuruka kwa mwingine bila ruhusa ya maandishi, na mkataba ukikataza, hesabu za saa hatuna haja ya kuzifungua.

Saa ninazoruka nje zinahesabiwa pamoja na za shirika?

Hili ndilo swali lenyewe, na wengi hulijibu kwa namna inayowafaa.

Chukua mfano. Tuseme kikomo chako ni saa 100 za kuruka ndani ya siku 28. Shirika limekurusha saa 84. Unakuja Kigoma siku nne, jamaa mwenye ndege ndogo anakuomba umsaidie kupeleka watalii Mahale na kuwarudisha, safari sita za kwenda na kurudi, kila moja saa moja na nusu za kuruka. Hizo ni saa 9. Mwilini na kwenye kitabu chako cha saa una 93. Ila mpanga rosta Dar es Salaam kwenye skrini anaona 84. Anakupangia 14 zaidi kwa roho safi, anapata 98, anafunga kompyuta na kwenda nyumbani. Wewe umefika 107. Umevunja kikomo, na pengine shirika nalo limekivunja bila kujua.

Kanuni za nje zimeliona pengo hili. Marekani, kanuni ya ndege za abiria iliyoanza kutumika tarehe 4 Januari 2014 inasema hesabu ya saa inajumlisha kuruka kote unakofanya kwa niaba ya mwendeshaji yeyote mwenye cheti cha kubeba watu kibiashara. Kwa kampuni ndogo za kukodi za huko, kanuni yao inaongeza maneno mapana zaidi: na kazi nyingine yoyote ya kuruka kwa malipo. Ulaya wao wamemgeukia rubani mwenyewe. Anayefanya kazi kwa zaidi ya mwendeshaji mmoja lazima atunze kumbukumbu zake za saa za kuruka, za kazi na za mapumziko, na ampe kila mwajiri taarifa anazohitaji kupanga ratiba.

Nilipenda sana hiyo ya Ulaya, kwa sababu za kikazi. Mpanga rosta si mganga wa ramli. Hawezi kuhesabu saa asizoambiwa.

Mwezi mpya ukianza, hesabu haianzi upya?

Haianzi. Siku 28 zinatembea. Kila asubuhi siku moja mpya inaingia na siku moja ya zamani inadondoka. Nimewahi kupigiwa simu na kijana tarehe mosi akishangilia kwamba "mita imerudi sifuri". Nikamwambia mita haijarudi popote, na aliyofanya wiki iliyopita bado anayo mgongoni.

Saa za kuruka na saa za kazi si kitu kimoja?

Hapana, na kwenye vibarua tofauti hii ndiyo inayowaumiza watu.

Saa za kuruka huanza ndege inapoanza kusogea ili iruke, huisha inaposimama mwisho wa safari. Saa za kazi huanza uliporipoti. Kwenye shirika kubwa pengo kati ya hizo mbili linaeleweka: kuna mtu wa mafuta, kuna mtu wa mizigo, kuna mtu wa karatasi. Kwenye ndege ndogo mtu huyo wa mafuta, wa mizigo na wa karatasi mara nyingi ni rubani. Anaamka saa kumi alfajiri, anakagua ndege, anapima mabegi, anapanga nani akae wapi ili uzito usielemee nyuma. Anawafikisha watalii kwenye kiwanja cha Mahale, wao wanapanda boti kwenda kambini, yeye anasubiri kundi linalotoka. Kundi lilikwenda kuwaona sokwe, na sokwe hawana ratiba. Jua linapanda, ndege ni bati, kivuli ni cha bawa.

Jioni kitabu chake kinasema ameruka saa tatu. Kazini amekuwa saa 12. Akiniambia "Mama, leo nimeruka kidogo tu", kwa hesabu ya kuruka ni kweli. Kesho yake akiripoti shirika saa kumi na moja alfajiri, mwili hautauliza ameruka saa ngapi.

Kwa kiasi cha kupima: Ulaya wana kikomo cha saa 60 za kazi ndani ya siku 7, saa 110 ndani ya siku 14, na saa 190 ndani ya siku 28. Vibarua vya ndege ndogo humaliza hizi za kazi kabla ya zile za kuruka.

Kwa Tanzania nani anaweka hivi vikomo?

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kupitia kanuni za uendeshaji wa ndege. Msingi wake ni Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinachoitaka kila nchi iwe na kanuni za kudhibiti uchovu wa marubani na wahudumu. Chini ya hapo kila mwendeshaji ana mwongozo wake wa uendeshaji ulioidhinishwa, wenye mpango wa saa za kuruka, saa za kazi na mapumziko. Kwa hiyo kitabu cha kufungua kwanza ni mwongozo wa kampuni yako. Mwongozo huo unaweza kuwa mkali kuliko kanuni, na ukiwa mkali zaidi, huo ndio unaokubana.

Nje ya nchi namba zikoje?

Marekani, kwa abiria: saa 100 za kuruka katika saa 672, ambazo ni siku 28, saa 1,000 katika siku 365. Kabla ya zamu, mapumziko ya saa 10 yenye nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Kila wiki, saa 30 mfululizo bila kazi. Ulaya: saa 100 katika siku 28, saa 900 kwa mwaka wa kalenda, saa 1,000 katika miezi 12 mfululizo. Mapumziko nyumbani saa 12 au sawa na urefu wa zamu iliyotangulia, lolote lililo refu zaidi. Kwa wiki, saa 36 zenye usiku mbili ndani yake.

Usiku mbili. Hapo Wazungu walifikiri. Saa 36 ukizianza alfajiri unaweza kupata usiku mmoja tu wa maana.

Kwa nini wakali hivyo? Rubani si anakaa tu kwenye kiti?

Tarehe 18 Agosti 1993 ndege ya mizigo aina ya DC-8 ilianguka ikijaribu kutua Guantanamo Bay, Kuba. Wote watatu ndani walipona. Kapteni alikuwa macho kwa zaidi ya saa 23. Wachunguzi wa Marekani waliutaja uchovu wa wale watatu katika chanzo chenyewe cha ajali, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa likipita pembeni.

Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema kapteni aliitikia vibaya onyo la ndege kukosa mwendo; uchovu hawakuufanya chanzo kikuu, ila walisema yaelekea marubani wote wawili walikuwa wamepungukiwa uwezo kwa ajili yake. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, kufika kazini. Kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha marubani uwanjani. Hakuna aliyekuwa kwenye kibarua. Wote walikuwa "wamepumzika" kwenye karatasi. Ndiyo ajali iliyozaa zile kanuni za 2014.

Halafu Mangalore, India, tarehe 22 Mei 2010: watu 166 ndani, 158 wakafa. Kinasa sauti kilinasa kapteni akikoroma kwa sehemu kubwa ya safari, akaamka karibu na kutua, na akili ya mtu aliyetoka kwenye usingizi mzito haiwaki papo hapo.

Na jambo moja linanikera hadi leo. Zile kanuni za Marekani za 2014 ziliwaacha nje marubani wa mizigo. Kampuni zao zinaweza kujiunga kwa hiari. Agosti 2013, kanuni zikiwa zimeshaandikwa lakini hazijaanza, ndege ya mizigo ya UPS ilianguka Birmingham, Alabama, kabla ya mapambazuko, marubani wote wawili wakafa, na uchovu ukatajwa tena. Kana kwamba mzigo ukiwa sanduku, rubani hachoki.

Mvuvi jirani yangu anauliza: sisi tunakesha ziwani kila siku na tunarudi na dagaa. Nyie mnadeka?

Jirani, nimekujibu mara ngapi barazani. Sasa nakujibu kwa maandishi.

Kwanza, hukeshi kila siku. Mbalamwezi ikiwaka mnatia nanga, maana dagaa hawaji kwenye taa. Kwa hiyo mwezi wenyewe umekupangia rosta, tena yenye siku nyingi za kupumzika kuliko niliyowahi kumpa rubani yeyote. Na ziwa lenyewe serikali ililipumzisha, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, samaki wazaane.

Pili, unakesha kwa mpangilio. Mwili wako umezoea kulala mchana. Rubani anaruka leo alfajiri, kesho jioni, keshokutwa usiku. Saa ya ndani ya mwili inataka alale kati ya saa nane usiku na karibu saa kumi na mbili asubuhi. Hapo ndipo umakini unapoporomoka hata kwa mtu asiyehisi usingizi. Majaribio yaliyochapishwa 1997 yalionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi za umakini kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24, ni kama asilimia 0.10. Mtu huyo hanuki pombe, na ukimuuliza anakwambia yuko fiti.

Tatu, ukisinzia kwenye mtumbwi, mtumbwi unaelea.

Kufundisha wanafunzi, kunyunyizia kwelea kwelea dawa, kuhesabu wanyama kwa ndege: navyo ni vibarua?

Navyo. Kufundisha ndiko kunakodharauliwa zaidi, eti mwanafunzi ndiye anayerusha. Mwalimu anayefundisha mtu kutua hapumziki hata dakika. Ameweka mikono karibu na usukani akingoja kosa. Kunyunyizia dawa ni kuruka chini kabisa, karibu na miti na nyaya, na kwelea hushambuliwa jioni wanaporudi kulala, yaani mwisho wa siku yako. Kuhesabu wanyama ni mistari iliyonyooka saa nyingi, jua usoni.

Kama kanuni fulani haizijumlishi saa hizo kwenye kikomo, kwa mfano ile ya abiria ya Marekani haihesabu kufundisha kwenye klabu wala kurukia jeshi, haimaanishi hazichoshi. Ziandike na uzitaje.

Na kazi isiyo ya kuruka? Nina duka Tabora, na shamba la tumbaku Urambo.

Kwenye saa za kuruka haziingii. Kwenye usingizi zinaingia zote. Ukitoka kuuza tumbaku, ukaendesha gari usiku hadi Tabora mjini, ukapanda ndege ya asubuhi kwenda kuripoti, hakuna kikomo cha saa za kuruka ulichovunja na hufai kuruka.

Januari 2024 ndege ya Batik Air, safari ya Kendari kwenda Jakarta, iliruka dakika 28 marubani wote wawili wakiwa wamelala. Watu walifika salama. Rubani msaidizi alikuwa na mapacha wachanga nyumbani, wa mwezi mmoja. Kazi yake ya nje ilikuwa kulea. Siwezi kumlaumu baba kwa kulea, ila kanuni haiwezi kumwona akiwa ameshika mtoto saa tisa usiku. Ni yeye tu anayejua, na ndiyo maana Marekani kila rubani anatakiwa kuthibitisha kabla ya kila safari kwamba yuko fiti kwa kazi, na mwajiri haruhusiwi kumrusha aliyesema amechoka mno.

Naishi Kigoma, kituo changu cha kazi ni Dar. Safari ya kwenda kuripoti ni mapumziko?

Kisheria kwa sehemu nyingi ni muda wako. Kiakili si mapumziko. Fika siku moja kabla, ulale kitandani. Na tafadhali usije na treni ya reli ya kati kuripoti kesho yake. Reli hiyo ilifika Kigoma 1914 na bado inajua kukuchelewesha.

Ndege ndogo ina rubani mmoja. Kuna tofauti gani na ya marubani wawili?

Kubwa. Kwenye ndege ya shirika, ukikosea namba ya mwinuko mwenzio anakushtua. Mna orodha ya ukaguzi mnayosomeana. Ukizidiwa, anashika usukani. Kwenye Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, upo peke yako na abiria ambao wanakupiga picha.

Kuna vitu vitatu vya leseni ambavyo marubani wa shirika husahau. Umri: kwa viwango vya kimataifa, safari za kibiashara za marubani wawili zinaruhusiwa hadi kutimiza miaka 65, lakini za rubani mmoja mwisho ni 60. Kapteni mwenye 62 anayeruka kihalali kwenye shirika hawezi kuchukua kibarua cha Caravan peke yake na watalii. Cheti cha afya: daraja la kwanza hudumu miezi 12, lakini ukishapita miaka 40 na unabeba abiria kibiashara ukiwa rubani pekee, kinashuka kuwa miezi 6. Nimeona mtu aliyeamini cheti chake kinaishi, kumbe kwa kibarua alichoshika kilishakufa tangu masika. Na la tatu, kuruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 kwa aina ya ndege unayotaka kubebea abiria. Kutua mara arobaini na ndege ya shirika aina ya Q400 hakukupi hata moja ya Cessna.

Halafu macho. Uliyezoea kukaa juu kwenye ndege kubwa unapoinua pua kwa mazoea ukitua na ndogo, unaiinulia hewani. Uchovu hurudisha mkono kwenye mazoea, na mazoea yako ni ya ndege nyingine.

Kahawa haisaidii?

Inasaidia kwa muda. Usingizi mfupi unasaidia zaidi. Majaribio ya NASA kwa marubani wa safari ndefu yaliwapa nafasi ya dakika 40 kupumzika kitini kwa zamu, wakalala wastani wa dakika 26, na umakini wao ukawa bora kwa saa zilizobaki. Sharti ni awepo mwingine macho. Rubani pekee hana nafasi hiyo, labda akisubiri watalii Mahale chini ya mti, na hapo aweke kengele ya simu na ajipe muda wa kuamka vizuri kabla ya kugusa ndege. Mwili haujengwi kwa matofali.

Nikimwambia mwajiri atanikatalia. Si bora ninyamaze?

Akikukatalia umekosa kibarua. Ukinyamaza na ikagundulika, umekosa kazi. Ikigundulika baada ya ajali, bima ya yule mwenye ndege ndogo itakuwa na swali lake, TCAA watakuwa na lao, na yote yatajibiwa na kitabu chako cha saa.

Hicho kitabu ndicho kilichonifundisha tabia za watu. Nimewahi kukutana na rubani mwenye vitabu viwili, kimoja cha kuonyesha shirika na kingine cha kuonyesha watu wa kuajiri, maana kule saa nyingi ni sifa na huku saa nyingi ni kosa. Alijulikana kwa jambo dogo: aliomba kubadilishiwa zamu kwa sababu "jana nilichelewa kutua". Kwenye rosta yangu jana hakuwa anaruka. Sikupiga kelele. Nilimwita, nikafunga mlango, tukahesabu pamoja kwa kalamu. Alikuwa kijana mwenye deni la ada ya chuo cha urubani, na mdogo wake alikuwa anasoma kwa mshahara wake. Sikumwona mwizi. Ila nilimtoa kwenye safari ya kesho, na nilipeleka taarifa juu, na sijutii.

Barua ya kuomba ruhusa iwe fupi: kampuni gani, ndege gani, tarehe zipi, makadirio ya saa za kuruka na za kazi, na ahadi ya kuleta saa halisi ndani ya siku moja baada ya kumaliza. Bosi anayeona umeshamfanyia hesabu hukataa kwa shida zaidi.

Mbona vijana ndio wanaovitafuta hivi vibarua kuliko wakubwa?

Wanatafuta saa. Leseni ya biashara inahitaji saa 200 kwa kawaida, ile ya juu ya kapteni wa shirika inahitaji 1,500, na katikati pale ni jangwa. Pesa nazo zipo. Na kuna wanaopenda kuruka tu. Hao ndio wagumu, maana huwezi kuwashawishi kwa hesabu ya fedha.

Nina kampuni ndogo Kigoma. Nimempata rubani wa shirika aje wiki moja msimu wa watalii. Nimuulize nini?

Mwambie alete saa zake za siku 28 zilizopita na rosta yake ya wiki inayofuata, pamoja na barua ya mwajiri. Kama amemaliza zamu jana usiku, asianze kwako leo. Kama anaripoti shirika Jumatatu alfajiri, Jumapili asikurukie. Wenye kampuni huniambia "Mama, sasa nitampata nani?" Hiyo ni hoja ya biashara na ninaielewa, lakini ndege ni yako na abiria ni wako, kwa hiyo wajibu wa kupanga nao ni wako.

Kuna mgonjwa mahututi, rubani aliye karibu yuko kwenye mapumziko. Asiende?

Hili niliulizwa na nesi, na sikumjibu haraka.

Kanuni zina nafasi ya dharura, lakini nyingi ni kwa safari iliyokwisha kuanza. Marekani, mambo yasiyotarajiwa yakitokea, kapteni na shirika wanaweza kurefusha zamu hadi saa mbili, kisha watoe taarifa wakivuka kiasi. Hiyo ni kumalizia ulichoanza ukiwa mzima. Kuanza ukiwa umechoka ni jambo jingine, na kanuni haigeuzi uchovu kuwa nguvu kwa sababu sababu ni nzuri.

Aliyelala vizuri siku mbili na yuko likizo, apige simu kwa mwajiri, apate ruhusa, aende. Aliyetua saa tano usiku asiende, atafutwe mwingine, au gari liondoke sasa hivi badala ya kumsubiri. Mgonjwa naye ni abiria wa ndege hiyo. Nesi alininyamazia. Najua hakulipenda jibu, nami silipendi.

Abiria anaweza kujua kama rubani amechoka?

Hawezi. Usijaribu kumchungulia macho mlangoni.

Mwanangu ni rubani. Akija nyumbani siku tatu, watu wa ndege ndogo wanampigia simu toka asubuhi. Nimwambieje?

Mama mwenzangu, huyo ni mtu mzima na ana leseni yake, huwezi kumshikia. Lakini siku ya kwanza ni yako. Mpikie mgebuka, mfungie pazia la chumbani, na hiyo simu kaa nayo wewe jikoni.